Namna ya Kuwafanya Wanachuo Watafakari Kweli Wanapofanya Kazi za Kundi kwa Simu

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha, walimu tarajali wakishatawanyika Kasulu, Buhigwe, Uvinza na vijiji vya mwambao wa ziwa, wakufunzi wenzangu hapa Kigoma huanza kunipigia na maswali yaleyale. Nitumie programu gani? Mbona kundi langu la WhatsApp limejaa "asante mwalimu" tu? Nifanyeje kwa yule aliyepangiwa shule ambayo mtandao unapatikana chini ya mwembe mmoja? Nimechoka kujibu mmojammoja, na majibu yangu ya saa tatu usiku si mazuri kama ya asubuhi. Kwa hiyo nimeyaandika.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Fungua andalio la somo la mwalimu yeyote, utakuta nafasi mbili chini kabisa: Tathmini na Maoni. Kwenye Tathmini pameandikwa, "Somo limefundishwa na wanafunzi wengi wameelewa." Kwenye Maoni, "Wachache ambao hawakuelewa watasaidiwa." Nimewahi kulikuta andalio lenye maneno hayo limeshajazwa saa moja asubuhi, na kipindi chenyewe ni saa nne. Hapo hakuna aliyetafakari, kilichofanyika ni kujaza nafasi. Ukihamishia tabia hiyo kwenye simu utapata kilekile, ila sasa kinakula bando.

Tafakuri ninayoitaka mimi ni ndogo kuliko hiyo na ngumu zaidi. Mwanachuo arudi kwenye jambo moja lililotokea, aseme wakati ule alidhani nini, sasa anadhani nini, na kesho atajaribu nini. Simu ina kazi mbili tu hapo: kutunza alichosema kabla hajakisahau au hajakipamba, na kumfikishia mwenzake kwa wakati unaofaa. Hilo neno "kwa wakati unaofaa" ndilo linalowaangusha wengi, nitalirudia kwenye Hatua ya 5.

Kabla ya kuanza

Hakikisha una vitu hivi. Ukikosa kimoja, ahirisha wiki moja ukitafute.

*Kazi yenye uamuzi ndani yake.* "Jadilini sifa za zana bora ya kufundishia" haifai. Mmoja atanakili kwenye notsi, wanne wataandika "naunga mkono hoja". Kazi ninayotumia ni hii: kundi linatengeneza andalio moja la somo, kwa mfano Hisabati ya darasa la tatu, kila mmoja analifundisha shuleni kwake, kisha wanarudi kulirekebisha pamoja. Wajapani wamekuwa wakiandaa masomo kwa mtindo wa aina hii kwa zaidi ya miaka mia. Hapa watu lazima wabishane, kwa sababu somo moja likifundishwa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na Nguruka kule Uvinza haliendi sawa.

*Simu janja angalau tatu kwa kila kundi.* Mwenye kitochi asiachwe nje, nitaeleza nafasi yake mbele.

*Mahali pawili.* Pa kwanza ni pa kazi ya kundi. Pa pili ni pa mtu binafsi, ambapo wenzake hawaoni mpaka yeye na wewe mseme.

*Muda wako.* Msimu uliopita nilikuwa na wanachuo 32. Kila mmoja akituma sauti ya dakika mbili ni dakika 64. WhatsApp inakuruhusu kusikiliza kwa kasi ya mara moja na nusu, zinashuka kuwa kama 43. Ongeza muda wa kujibu. Tenga saa mbili kwa wiki, na kama huna saa mbili, gawa wanachuo wako mafungu mawili, hili wiki hii, lile wiki ijayo. Ukiwaomba watu wafungue moyo halafu usiwajibu, hawatakufungulia tena.

*Makubaliano ya maandishi.* Nani atasikia, nani hatasikia, na nini kisitumwe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mtoto wa darasa la kwanza naye ni mtu mwenye taarifa zake. Kanuni yangu ni fupi: picha ya ubao, ruhusa. Picha ya daftari lisiloonyesha jina, ruhusa. Sura ya mtoto, hapana, hata kama amependeza.

Kuhusu programu, tumia wanayoitumia tayari. Chuo chako kikiwa na Moodle (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni) inayofanya kazi, vizuri, na programu yake ya simu inaweza kupakua kazi ikasomwa bila mtandao. Kama hamna, WhatsApp na Google Docs, ambapo watu kadhaa huandika waraka mmoja mtandaoni, zinatosha kabisa. Nimeona wakufunzi wakipoteza wiki tatu za mwanzo kufundisha watu kutumia programu mpya yenye rangi nzuri, na mazoezi yote ni wiki nane.

Hatua ya 1: Gawa vikundi vya watu wanne au watano

Sita ni wengi, wawili watajificha. Usiwaache wajigawe wenyewe, marafiki huwa hawabishani. Mimi nachanganya kwa mtandao: kila kundi liwe na angalau mtu mmoja wa mjini, Kigoma, Ujiji au Kasulu, ambaye anapata mtandao kila siku, awe posta ya wenzake. Mwenye kitochi mpe mwenza mwenye simu janja. Atatuma tafakuri yake kwa SMS, mwenza ataifikisha ilipo kazi ya kundi pale tu mwenyewe atakaporuhusu.

Usimwonee huruma sana wa kitochi. SMS moja ina herufi 160, na mtu akilazimika kusema jambo kwa herufi 160 hana nafasi ya kuandika "napenda kuchukua fursa hii".

Hatua ya 2: Tenganisha chumba cha kazi na chumba cha tafakuri

Fungua kundi moja la WhatsApp kwa kila kikundi. Humo ni kazi tu: andalio, mabadiliko, nani anafundisha lini. Andalio lenyewe likae kwenye Google Docs, lisitumwe kama picha kumi na mbili zinazofuatana.

Tafakuri isianzie humo. Kila mwanachuo akutumie wewe moja kwa moja. Kama hataki wewe usikie kila kitu, na wengine hawataki, mwonyeshe kwamba WhatsApp inamruhusu kujiandikia mwenyewe: anatafuta namba yake kwenye majina, anafungua mazungumzo, anarekodi. Yatabaki kwake yakiwa na tarehe. Kwako atatuma anachochagua.

Onyo: angalieni kama kuna mtu amewasha ile mipangilio ya ujumbe kujifuta wenyewe. Ipo ya saa 24, ya siku 7 na ya siku 90. Kundi langu moja lilipoteza wiki mbili za kazi kwa sababu mtu aliiwasha apunguze kujaa kwa simu, na hakumwambia mtu. Hatua ya 8 yote inategemea ujumbe wa zamani kuwepo.

Hatua ya 3: Andika maswali matatu, yasiyojibika kwa "vizuri"

Wataalamu wameandika mengi juu ya tafakuri. Graham Gibbs wa Uingereza mwaka 1988 alipanga hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango. Ni nzuri kwenye karatasi. Kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, sita ni nyingi, watu wanajaza mbili za kwanza wanachoka. Mmarekani Terry Borton mwaka 1970 aliuliza matatu tu: kilitokea nini, kina maana gani, sasa tufanye nini. Mimi nimeyachukua hayo nikayashusha chini:

Moja. Taja dakika moja wiki hii ambapo mambo yalikwenda usivyotarajia. Nani alisema nini, wewe ukafanya nini?

Mbili. Wakati ule ulidhani sababu ni nini? Na sasa?

Tatu. Kipindi kijacho utabadili kitu gani kimoja, na utajuaje kama kimesaidia?

Lile swali la "Umejifunza nini wiki hii?" lifute kabisa. Jibu lake ni "nimejifunza mambo mengi sana", na hutapata hata jambo moja kati ya hayo mengi.

Kila baada ya wiki mbili badilisha swali la kwanza, liguse kundi lenyewe: "Ni wazo gani la mwenzako ulilikataa wiki hii, na ulilikataa kwa nini?" Swali hili moja limenipa kuliko mengine yote. Watu hukumbuka haraka sana walichokikataa. Kueleza kwa nini ndiko kunakowachukua muda, na hapo ndipo wengine hugundua kwamba hawakulikataa wazo, walimkataa aliyelitoa.

Hatua ya 4: Anza wewe, na uanze na ulipoharibu

Kabla hujawaomba, rekodi yako ya dakika mbili. Isiwe ya kujisifu iliyovaa nguo za unyenyekevu. Yangu ya mwaka jana ilikuwa hivi: nilikwenda kumkagua mwanachuo, nikakaa nyuma ya darasa, nikaandika ukurasa mzima wa makosa yake. Nilipomaliza nikamuuliza anadhani somo limekwendaje. Akasema, "Mwalimu, nilikuwa nasikia kalamu yako." Hakukumbuka alichofundisha, alikumbuka kalamu. Tangu siku hiyo dakika ishirini za kwanza siandiki.

Nilipowatumia hiyo, wiki ile sauti zilizokuja zilikuwa fupi na za kweli. Mwaka uliotangulia niliwatumia mfano uliochapwa vizuri, wenye vichwa vya habari, wakanirudishia insha 30 zenye vichwa vya habari.

Hatua ya 5: Peke yake kwanza, kundi baadaye

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Mkufunzi anaweka swali kwenye kundi saa mbili usiku. Wa kwanza kujibu ni yule mwepesi wa kuongea. Anasema watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Baada ya hapo watu kumi na wanne wanasema watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Huwezi kujua tena nani alikuwa anadhani nini kabla.

Fanya hivi:

a) Alhamisi jioni, ingia kwenye mipangilio ya kundi, uweke kwamba wanaoruhusiwa kutuma ujumbe ni wasimamizi tu. Kundi limefungwa. Waambie mapema, wasidhani wameadhibiwa.

b) Tuma maswali kwa mmojammoja. Ukitumia ile orodha ya kutangazia ya WhatsApp utatuma mara moja tu, na kila anayejibu jibu lake litakuja kwako peke yako. Angalizo: ujumbe wa orodha hiyo unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Siku ya kwanza kabisa, kabla hawajapanda magari, wasimamishe wote waihifadhi mbele yako.

c) Mpaka Jumamosi mchana wawe wametuma. Wasio na mtandao warekodi hukohuko shuleni. Ujumbe utakaa na kialama cha saa, wakipata mtandao utaondoka wenyewe. Mmoja wangu alikuwa anarekodi Ijumaa, zinaondoka Jumamosi akienda gulioni.

d) Jumamosi jioni fungua kundi. Kila mtu apeleke ya kwake mwenyewe, wote kwa pamoja, ndani ya nusu saa. Asiyetaka kupeleka asilazimishwe, apeleke sentensi moja tu.

Wenye Moodle wana njia rahisi zaidi: unapotengeneza mjadala, chagua aina ya maswali na majibu. Mwanachuo haoni ya wenzake mpaka aweke ya kwake, na hata akiweka atasubiri muda wa kuhariri upite, ambao kwa kawaida ni dakika 30.

Hatua ya 6: Wenzake wajibu kwa swali, wasijibu kwa pongezi

Sisi tumelelewa kupongezana, na si jambo baya. Lakini "hongera sana mwalimu, uko vizuri" ikishuka mara nne chini ya tafakuri, mazungumzo yamefungwa. Kanuni: kila mtu anachagua tafakuri mbili za wenzake na anauliza kila moja swali moja ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Pongezi ziende faragha, au kwa kialama cha kidole gumba, basi.

Pia mfundishe mtu kukataa kwa adabu. "Ndugu yangu, hapo sijakuelewa, mbona shuleni kwangu ilikuwa kinyume?" inatosha. Wapo watakaoona haya kumuuliza mkubwa wao kwa umri. Kundi langu moja lilikuwa na mama aliyefundisha kwa kujitolea miaka tisa kabla ya kuja chuoni, na vijana wote walikuwa wanamwitikia "sawa mama". Nilimwomba yeye aanze kuwauliza wao. Wiki iliyofuata wakapata ujasiri wa kumuuliza.

Hatua ya 7: Jibu lako liwe swali moja

Usisahihishe sarufi. Usihutubie. Sikiliza, uliza kitu kimoja kinachomrudisha kwenye alichokiona kwa macho.

Mwanachuo mmoja, mwenyeji wa mkoa mwingine kabisa, alinitumia sauti kutoka shule moja ya Buhigwe: "Watoto wa darasa la kwanza huku ni wazito sana, mwalimu. Unauliza wanakuangalia tu." Hiyo si tafakuri, ni hukumu. Lakini sikumwambia hivyo. Niliuliza: "Chagua mtoto mmoja. Kesho mfuate kwa macho mpaka mapumziko, uniambie alisema nini, kwa lugha gani."

Kesho yake usiku ikaja sauti ya sekunde arobaini. Nyuma yake unasikia mvua kwenye bati. "Mwalimu, darasani hakusema kitu. Nilimwuliza saba ongeza tano, akaangalia chini. Kengele ilipolia akatoka, nikamfuata. Walikuwa wanacheza na mawe. Akamhesabia mwenzake kwa Kiha, akafika kumi na mbili, hakukosea." Kimya kidogo. "Kwa hiyo mzito ni mimi."

Wiki hiyohiyo aliomba kundi lake limsaidie kupata hesabu za moja hadi ishirini kwa Kiha. Mwenzake wa Kasulu akamrekodia. Ile sauti ya hesabu imezunguka vikundi vyote, na bado naisikia kwa wanachuo wa mwaka huu ambao hawajui ilitoka wapi.

Ningemjibu "usiwaite watoto wazito, ni kinyume cha maadili ya kazi", angeniandikia samahani mwalimu, na mtoto angeendelea kuangalia chini.

Hatua ya 8: Wiki ya tano, rudini nyuma

Ukiwa na muda wa kufanya hatua moja tu vizuri, fanya hii. Mwambie kila mwanachuo asikilize sauti zake zote tangu ya kwanza, kwa mfuatano, bila kuruka. Kisha arekodi moja: "Nimesikia nini nilichokuwa sikisikii?"

Nina mfano ninaoupenda. Kijana alipangiwa shule ya mwambao kaskazini mwa mji, kule unakopanda boti Kibirizi. Wiki ya kwanza darasa lake lilikuwa nusu tupu, akasema: "Wazazi wa huku hawajali elimu." Wiki ya tatu darasa likajaa. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshiba: "Nimewahamasisha, mahudhurio yamepanda." Wiki ya tano nusu tupu tena, naye amekata tamaa, anasema hawa watoto hawana shukrani.

Alipozisikiliza zote tatu na kuzipeleka kwenye kundi, dada mmoja aliyekulia Ujiji akamuuliza swali moja: "Ile wiki ya tatu, usiku kulikuwa na mbalamwezi?"

Kwa anayeishi mbali na ziwa: dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, vyombo vinapumzika. Giza likirudi vyombo vinatoka, na asubuhi dagaa wanatakiwa kuanikwa kwenye mchanga na kugeuzwa, kazi ambayo mikono midogo inaijua. Kati ya wiki ya kwanza na ya tano ni siku 28, karibu mwezi mwandamo mmoja. Mahudhurio hayakuwa yanafuata hamasa yake. Yalikuwa yanafuata mwezi.

Hakuna aliyemhutubia. Sauti zake tatu zenye tarehe na swali la mwenzake vilitosha. Akaamua mada mpya azianzishe wiki za mbalamwezi, na wiki za giza afanye marudio, hesabu za ndoo na bei za dagaa. Isingekuwa kumbukumbu ya simu, angerudi chuoni na hadithi ya wazazi wasiojali, nasi tungeipokea.

Kwa upande wa kazi ya kundi, fanyeni hivyohivyo na Google Docs. Fungua historia ya matoleo ya andalio. Inaonyesha nani aliandika nini na saa ngapi. Usiitumie kama polisi. Watumie wenyewe linki, waulize: "Mnaona nini?" Kundi moja liligundua kwamba andalio lote liliandikwa na mtu mmoja kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri. Walidhani yeye ni mbinafsi, asiyependa kushirikisha. Yeye akawaambia huo ndio muda ambao mtandao wa kijijini kwake unavuta, na ndio muda bando la usiku linafanya kazi. Wakagawana sehemu upya.

Hatua ya 9: Alama

Usiweke alama kwenye "uzuri" wa tafakuri. Ukifanya hivyo watakuandikia unachotaka kusikia, na wanajua unachotaka. Weka alama kwenye mambo matatu yanayohesabika: ametuma kwa wakati, ametaja tukio halisi, amejaribu alichosema atajaribu na amerudi kusema matokeo. Matokeo mabaya yapate alama zilezile.

Mambo yakikwama

*Kundi ni kimya.* Mara nyingi si uvivu, ni bando. Uliza faragha kabla hujafoka kwenye kundi. Sauti ya dakika moja haifiki MB moja, lakini picha na video za salamu za Ijumaa zinakula kila kitu. Waelekeze wazime kupakua picha na video moja kwa moja kwenye mipangilio.

*Mmoja anaongea peke yake.* Mpe kazi ya kuandika muhtasari wa wenzake. Hawezi kuandika muhtasari bila kusikiliza.

*Tafakuri inanukia akili mnemba.* Utaijua: inaanza na "Katika safari yangu ya kitaaluma" na haina hata jina la kijiji. Usianze ugomvi wa nani kanakili. Omba sauti badala ya maandishi, na omba picha ya ubao wa kipindi hicho. Akiandika kwamba alitumia "mbinu shirikishi", muulize mtoto wa dawati la mbele alikuwa anafanya nini wakati huo.

*Simu imejaa.* Kabla ya kufuta chochote, fungua mazungumzo, bonyeza vidoti vitatu, uhamishe mazungumzo yote kwenda kwenye barua pepe. Maandishi hayana uzito. Sauti za kila mtu zihifadhiwe kwenye simu mbili, yake na ya mwenza.

*Simu imepotea au imeangukia majini.* Imetokea mara mbili kwangu, zote kwenye boti. Ndiyo sababu ya simu mbili.

*Wamegombana.* Funga kundi, usifute ujumbe. Kila mmoja akutumie peke yake majibu ya swali la kwanza tu: nani alisema nini, wewe ukafanya nini. Mara nyingi mtu akishaandika alichofanya yeye, hasira hushuka nusu. Ukifungua tena, anza na kazi, usianze na kesi.

*Mwanachuo amekutumia jambo zito.* Sauti ya tafakuri ikigeuka kuwa ya kulia, au ikitaja mtoto anayepigwa au kudhalilishwa, hapo tafakuri imeisha. Usijibu kwa swali. Piga simu. Mweleze kwamba jambo la usalama wa mtoto huwezi kulitunza kama siri kati yenu wawili, kisha mpeleke kwa mshauri wa chuo au uongozi wa shule, au ustawi wa jamii wa wilaya. Liweke hili kwenye makubaliano ya mwanzo, ili siku likitokea asione umemsaliti.

*Mwenye kitochi amebaki nyuma.* Mpigie. Dakika mbili za kuongea, unaandika anachosema, unamsomea, anasahihisha. Halafu angalia kama yule mwenza uliyempa bado anamjibu, kwa sababu huwa ndipo uzi unapokatikia.